Kombe la Bundi na Mkono wa Royce

Sanduku la Posta 41,
Loftin, Alabama.
Jumanne, 19 Julai 1988.

Mpendwa mdogo wangu Harlan,

U hali gani huko kwenye baridi? Nasema baridi ingawa ni Julai, kwa sababu mimi siamini kama huko Alaska kuna Julai. Unakula vizuri? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Na zile soksi za sufu nilizokutumia zilifika, au wamegawana huko njiani? Mkeo Ardith anasema unafanya kazi mpaka unasinzia umesimama. Pumzika, bwana. Hilo bomba la mafuta halina miguu.

Sisi huku tunachemka. Mvua imetususa, nyanya zangu zimepasuka, bamia zimekuwa ngumu kama penseli. Magoti yangu ni yaleyale: yakipenda yanapanda ngazi, yasipopenda nalala sebuleni. Mbwa wako Hobo yu hai, ila amekuwa kiziwi kabisa, na mwaka huu nimemwonea wivu sana maana hajasikia neno hata moja kuhusu besiboli.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kurasa tatu, Harlan! Wewe ambaye Krismasi hutuandikia mistari miwili na wa pili ni jina lako. Ukurasa wa kwanza unashangilia ubingwa. Wa pili unalalamika kwamba mwanao Royce hakuandikii, eti amevimba kichwa. Na wa tatu wote ni wangu mimi: "Dada, ungekufa kama ungenyamaza kwa zamu tatu tu?" Haya, kaa chini nikujibu. Naona mkeo amekusimulia habari za mdomo wangu, ila amesahau kukusimulia habari za mkono wa mwanao.

Kwanza huu mji wenyewe, maana ukirudi hutautambua. Chuo cha Loftin, ambacho maisha yetu yote kilijulikana kwa kutoa walimu wa shule za msingi na kwa paa la ukumbi linalovuja, sasa ndicho kitovu cha ulimwengu. Pale njia panda wamesimamisha bango kubwa kuliko la hospitali: MJI WA MABINGWA. Meya Grady Satcher ameamuru mapipa yote ya taka yapakwe rangi ya zambarau. Kwa hiyo hata maganda yangu ya viazi sasa ni ya kibingwa. Paa la ukumbi bado linavuja.

Halafu timu yenyewe inaitwa Bundi. Bibi yetu alikuwa akimsikia bundi analia karibu na nyumba anafunga madirisha yote na kugeuza kiatu kichwa chini. Leo wajukuu wa watu wale wale wanavaa fulana zenye sura ya bundi hadi kanisani.

Tangu Machi timu ilipoanza kushinda, watu wazima waliacha kufua. Sitii chumvi. Ardith alikuwa amevaa ile blauzi yake ya kijani siku ya ushindi wa kwanza, basi akaivaa kwenye kila mchezo bila kuigusisha maji mpaka Juni, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa upande ambao upepo unaelekea. Kinyozi Lonnie Teague aligoma kuwanyoa wachezaji, vijana wa watu wakawa na ndevu kama za Agano la Kale. Mchungaji Whitlow alikuwa amehubiri habari za Yona Jumapili moja, kesho yake Bundi wakashinda. Basi! Hakuhubiri kingine. Majira yote ya kuchipua waumini wa Loftin tulikaa tumboni mwa samaki pamoja na Yona, tukingoja kutapikwa.

Na katikati ya wendawazimu huo wote amesimama Kocha Burl Haskew, na shavu lake limejaa tumbaku. Watu wanamwita fundi. Ufundi wake niuseme? Alikuwa na mrushaji mmoja wa maana, naye ni mwanao, akamtumia kama punda wa kuazima. Kila mchezo mgumu, Royce. Kila mchezo wa kuogopesha, Royce. Aprili alikuja barazani kwangu kula keki, nikamuuliza.

"Kocha, huyu kijana hapumziki?"

"Bi Verlene, mkono ni kama gari. Ukiliacha bila kuliwasha, betri inakufa."

"Na ukiliendesha mchana na usiku bila kulitia mafuta?"

Akacheka, akaomba kipande kingine. Nilimpa. Hata leo naionea uchungu keki ile.

Sasa nije kwenye fainali, maana ndiko unakotaka kunipeleka mahakamani. Ilichezewa Georgia, na mji mzima ulikwenda, kwa mabasi ya shule na magari ya kubebea mbao. Wapinzani walikuwa vijana wa chuo kimoja cha Tennessee, waliokuja wamenyoa na wamefua nguo, maskini, wakidhani ule ni mchezo tu. Royce alikuwa amerusha mchezo mzima siku ya Alhamisi. Jumapili Haskew akampa mpira tena. Wale warushaji wengine wawili walikaa benchi wakitafuna mbegu za alizeti kama kasuku, mikono yao mizima kabisa, haina kazi.

Sikatai, alianza vizuri. Mwanao akirusha ni kitu cha kutazama. Hata mimi, na dharau yangu yote kwa mchezo huu wa watu kusimama juani wakitema mate, nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Wale wa Tennessee walikuwa wanakata upepo kwa marungu yao. Zamu ya tano kati ya tisa ikaisha hakuna hata mmoja aliyeupiga mpira wake.

Hapo ndipo nikasikia uwanja unabadilika. Unaujua mwiko wenu, Harlan, sina haja ya kukufundisha: mrushaji akifika katikati ya mchezo mpira wake haujapigwa, asisemeshwe, asiguswe, asikaliwe karibu, na jambo lenyewe, huo mchezo usio na doa, lisitajwe mpaka mpira wa mwisho. Ukitaja, umemroga. Watu wetu wakakaa kimya kama wako msibani. Vijana kwenye benchi wakaanza kusogea, huyu akijifanya anatafuta glovu, yule akijifanya anajinyoosha, mpaka Royce akabaki peke yake mwisho wa benchi kama mwenye ndui. Nikakumbuka alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kwenye ligi ya kanisa, ulivyoninyang'anya chupa ya maji niliyotaka kumpa mtoto anywe. "Usimwendee sasa hivi!" Jua lilikuwa la kuivisha yai. Wewe ndiye uliyemfundisha, na alifunzika vizuri sana.

Mimi na Ardith tulikaa nyuma tu ya benchi lao, kati yetu ni ngazi moja na waya. Zamu ya sita ilipoisha akarudi kukaa, nikamwona anakunjakunja vidole. Akavipulizia. Akavikalia. Halafu akaenda kwenye pipa la maji, akachukua kikombe cha karatasi, kikamponyoka. Akakitazama pale chini. Akachukua kingine, nacho kikamponyoka. Baadaye akashika kimoja kwa mkono wa kushoto, akanywa, akarudi mahali pake.

Harlan, benchi zima liliona. Mdakaji wake, Dooley Spruill, kijana aliyekula mezani kwangu tangu hana meno ya mbele, aliona, akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Haskew aliona. Akatema tumbaku yake, akatazama mawingu.

Nikamwambia Ardith, "Mwanao hashiki kikombe."

"Wifi, nyamaza."

"Mkono umekufa ganzi ule. Nenda kamuulize."

"Siwezi kumsemesha sasa, unajua siwezi!" Machozi yalikuwa yanamtoka, maana hata yeye aliona, si kipofu. "Zimebaki zamu chache tu. Wifi, nakuomba kwa jina la Yesu, usituharibie."

Mama mzazi! Mtoto yuko pale, angeshuka ngazi moja akanyoosha mkono kupitia ule waya angemgusa bega, na anaogopa kumuuliza kama anaumwa kwa sababu eti atamharibia bahati. Nimemheshimu Ardith tangu ulipomleta nyumbani, lakini siku ile heshima iliniponyoka nayo.

Nikainuka. Meya Satcher alikuwa amekaa kwenye ile ngazi ya chini yetu, akatanua miguu nisipite.

"Bi Verlene, keti. Choo kitakusubiri."

"Grady, nilikufundisha shule ya Jumapili ukiwa unajikojolea. Nipishe."

Akanishika kiwiko. Nikamkanyaga, na nilikuwa nimevaa vile viatu vya kisigino. Nikafika kwenye waya, nikaita kwa ile sauti ambayo baba alikuwa akinituma nayo kuita ng'ombe.

"Royce! Mkono una nini?"

Mungu wangu. Ungedhani nimetukana msalaba. Watu waliguna uwanja mzima. Nyuma yangu mtu akapiga ukelele, "Kamroga! Yule mama kamroga!" Dooley akajifunika uso kwa glovu. Haskew akageuka, mashavu mekundu, "Mtoeni huyo mwanamke hapa!" Na Royce akageuka akanitazama. Nilitegemea kuona maumivu, ningejua la kufanya. Nilichoona ni woga, na alikuwa ananiogopa mimi.  Akachukua glovu yake akarudi kwenye kile kichuguu chenu cha kurushia mpira.

Sasa sikiliza kilichofuata ndipo ujue kwa nini nawadharau mpaka kesho. Mpigaji wa kwanza, kijana mwembamba kama ufagio, akaugusa mpira kwa ncha ya rungu. Haukupigwa, uliguswa. Ukaruka kama kuku asiyetaka kuruka, ukaanguka nyuma ya mchezaji wetu, yule kijana akakimbia akafika kituo cha kwanza salama. Kwisha. Mchezo umeshaingia doa.

Na palepale ndimi zikafunguka! Haskew akapanda kichuguuni, mkono begani kwa kijana, utafikiri baba mzazi: mkono vipi? Dooley akaja mbio: mkono vipi? Wale kasuku wa alizeti wakasimama: mkono vipi? Na mkeo pembeni yangu akapiga kelele mpaka akakohoa, "Royce, mwanangu, mkono vipi?" Wote kwa pamoja wamegundua kwamba kijana ana mkono.

Haskew akauchukua mpira. Akampa mmoja wa wale kasuku, kijana anaitwa Pruitt Lamb, ambaye alirusha zamu zote zilizobaki bila wasiwasi wowote na akashinda. Tulishinda kwa pointi moja. Hebu lifikirie hilo huko uliko. Muda wote walikuwa na mtu wa kumaliza kazi, amekaa, anatafuna.

Umeuliza ni timu gani ya kulipwa iliyomchukua Royce. Hakuna. Yule msaka vipaji mwenye kofia ya majani, aliyekuwa akija kila wiki na kujipendekeza kwangu kwa sababu ya keki, aliondoka uwanjani kabla hata kombe halijakabidhiwa. Aliona vile vikombe vya karatasi kama nilivyoviona mimi. Hajapiga simu tena.

Kombe wanalo, pete za ubingwa zimeagizwa, bango limesimama. Ungedhani wametosheka. Wapi! Wanaomboleza ule mchezo usio na doa kana kwamba amekufa mtu, na muuaji ni mimi. Kanisani kwenye benchi langu sikaliwi karibu. Faye Ogletree, niliyemlisha wiki nzima alipofanyiwa upasuaji wa nyongo, alivuka barabara aliponiona, akakanyaga kinyesi cha mbwa, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Lonnie Teague anawaambia wateja kwamba mimi nina jicho baya. Halafu Mchungaji Whitlow akaja na Biblia yake kwapani.

"Dada Verlene, tumeonelea kwenye karamu ya pete useme maneno machache. Ya upatanisho."

"Niombe msamaha?"

"Si lazima tuliite hivyo."

"Kwa kumuuliza mtoto wa ndugu yangu kama anaumwa?"

"Dada, ulijua mila za watu."

Nikamwambia Yona alitupwa baharini kwa kukataa kusema alichotumwa, sasa yeye mwenyewe miezi yote ile alikuwa anahubiri nini? Akaondoka bila kumaliza chai yake. Ukiona watu wanavyonikimbia utadhani nitaumia. Siumii. Nimepata nafasi ya kuzidharau nyuso zao kwa utulivu, moja baada ya nyingine, na nyingi hazihitaji muda mrefu.

Lakini Royce ananiumiza, hilo nalisema wazi. Tangu siku ile alikuwa hanisemeshi. Akinikuta kwenu anatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Dooley jikoni, "Nilikuwa nimewaweza wote. Nilikuwa nimewaweza mpaka Shangazi alipofungua mdomo." Anaamini, Harlan. Mkono wake haukufanya kosa, kocha wake hakufanya kosa. Kosa ni la shangazi yake.

Na sasa lile ambalo mkeo hakukuambia. Nilimbana Ardith mpaka wakampeleka kwa daktari, Birmingham, wiki mbili baada ya fainali. Daktari alimpiga picha, akamkunja, akamkunjua, akamchoma vidole kwa sindano. Kwenye kiwiko kuna kano iliyochanika, na pembeni yake kuna mshipa wa fahamu umebanwa, ule unaoshuka hadi vidoleni. Akasema afanyiwe upasuaji kabla Agosti haijaisha, na mwaka mzima asiguse mpira. Akichelewa, daktari hazungumzii tena besiboli. Anazungumzia mkono wa kufungulia mlango, wa kushikia msumeno, wa kubebea mtoto wake mwenyewe siku akijaliwa.

Haskew akasema daktari yule hajawahi kucheza mchezo wowote. Akaleta dawa ya kuchua, yenye harufu ya farasi, akamwambia Royce apumzike mpaka baridi iishe, kisha masika wanatetea kombe. Na Royce amekubali! Anataka mwaka mwingine. Anataka amalize mchezo mmoja bila doa, basi. Ardith yeye amegawanyika, asubuhi yuko na daktari, jioni yuko na kocha. La kwako yeye na Royce wameafikiana: usiambiwe, maana ungeacha kazi ukarudi. Ndiyo maana kila Jumapili ukipiga simu unaambiwa Royce mzima kama chuma, Royce yuko mazoezini. Hakuna mazoezi. Yuko chumbani, anasikia kengele ya simu.

Nilikuwa nimekubali kunyamaza. Ndiyo, hata mimi, cheka ukitaka. Kilichonitoa huko ni cha juzi Jumamosi, siku ya hiyo karamu ya pete.

Ilikuwa alasiri, niko jikoni nasaga mahindi mabichi, nikasikia mlango wa waya. Ni Royce. Amesimama pale na suruali nyeusi ya kupigwa pasi, shati jeupe liko wazi mbele, tai imening'inia shingoni. Ardith alikuwa ameshatangulia ukumbini kupamba meza. Hakuniangalia. Akasema, "Shangazi, unaweza kunifungia vifungo?"

Nikafuta mikono. Nikaanza chini nikapanda. Mtu mzima yule, Harlan, amekuzidi urefu sasa, na alisimama ametulia kama zamani nilipokuwa nikimfunga vifungo vya kwenda shule. Nikafika kwenye kifungo cha mkono wa kulia. Nikakishika kile kiganja. Kilikuwa cha baridi, katika joto hili letu. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja vyenyewe, havinyooki. Nikamwuliza kwa nini hakuandikii, na wewe unalalamika. Akasema amejaribu. Akasema anaona aibu upate barua yenye mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza.

Basi nikamuuliza lile swali langu tena, polepole safari hii, sisi wawili tu. "Inauma, mwanangu?"

Akatingisha kichwa. Akasema, "Haiumi, Shangazi. Tangu wiki iliyopita haiumi kabisa." Ndipo akaniangalia. "Ningependa iume."

Nikamfunga tai. Nikampangusa bega, halikuwa na kitu. Akaenda kwenye karamu yake, wakamvisha pete kidole cha mkono wa kulia, nasikia wakapiga makofi wamesimama. Mimi sikwenda. Nilimaliza kusaga mahindi, nikaanza kutafuta kalamu.

Kwa hiyo Harlan, Jumapili ukipiga simu, Ardith akikuambia Royce yuko mazoezini, mwambie amwite chumbani. Akija usimpongeze. Usimuulize zamu ya sita ilikuwaje wala ya saba. Muulize mkono, halafu unyamaze wewe, umsikilize mpaka amalize, hata kama ile simu ya kambini inakula mshahara wako wote. Kisha mwambie aende Birmingham. Mimi ataniona ni mchawi wake mpaka nife, na nitaubeba huo uchawi, sijali. Wewe ndiye atakayekusikia. Agosti si mbali.

Ardith usimgombeze sana, ameifua ile blauzi na amekonda. Mwambie wazi kwamba ni mimi niliyekuandikia, asije akamshuku mtu mwingine. Binamu Estelle anakusalimu, amepata meno mapya na anatabasamu hata msibani. Mjomba Thurlow anakusalimu pia, yeye ndiye pekee anayekaa na mimi kanisani, ingawa nadhani ni kwa sababu haoni vizuri ni nani. Wasalimie wenzako wa huko bombani, na hicho kipande cha gazeti chenye habari za ubingwa, ulichosema umekibandika ukutani, kibandue.

Bwana akulinde juu ya barafu na chini yake, akupe chakula cha moto na usingizi, akurudishe kwetu na viungo vyako vyote.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata siku ambazo simpendi mtu,

Verlene